Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Vimeng'enya na Usindikaji wa Proteini

Ndugu wanachama,

Kama katiba yetu inavyotaka, naleta mbele yenu taarifa ya mwaka. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina mwenyewe, na orodha ya wanachama wapya anayo katibu. Mimi nitajikita kwenye kazi ya Kamati ya Ufundi, kwa kuwa huko ndiko nguvu zetu nyingi zilikokwenda: kujibu maswali ya wanachama kuhusu vimeng'enya vinavyovunja, kugandisha na kuunganisha proteini za chakula.

Ukiyapanga maswali hayo mezani, mengi yanafanana. Mwenye swali anataja jina la kimeng'enya, gramu alizoweka na saa alizosubiri. Hataji kimeng'enya kilikuwa na nguvu kiasi gani siku aliyokitumia, proteini ilivunjika kufikia wapi, wala alijuaje kwamba kazi imesimama. Bila mambo hayo matatu Kamati haiwezi kumjibu, naye hawezi kurudia bechi nzuri aliyoipata jana. Nitayaeleza moja baada ya jingine, kisha nitagusa mengine kwa kifupi. Nyuzi zote nitakazotaja ni za Selsiasi.

Gramu hazisemi nguvu

Ndani ya dumu au mfuko hamna kimeng'enya kitupu. Mna kimeng'enya kidogo pamoja na glaiserini, chumvi, sobitoli au maltodekstrini ya kukizimua na kukihifadhi. Kinachofanya kazi hupimwa kwa uniti, na uniti hupungua kadiri dumu linavyokaa.

Chukua tanki lenye kilo 80 za proteini ya soya. Maelekezo yanataka uniti 24 kwa kila kilo ya proteini, yaani uniti 1,920 kwa jumla. Dumu la uniti 2.4 kwa gramu litatoa kiasi hicho kwa gramu 800. Dumu hilohilo likikaa kwenye stoo yenye joto hadi nguvu yake ishuke kufikia uniti 2.0, gramu 800 zitakuwa na uniti 1,600 tu. Sehemu moja kati ya sita haipo. Mwendeshaji ataona kazi inasuasua, ataongeza muda, na rojo la proteini lenye joto la nyuzi 50 litaendelea kuwa karamu ya bakteria wanaopenda joto. Upande wa pili, akiletewa dumu jipya la uniti 3.0 naye akapima gramu 800 kwa mazoea, ataweka uniti 2,400, kisha atapiga simu kulalamika kwamba bidhaa imekuwa chungu.

Uniti za watengenezaji wawili hazilinganishwi kwa kuangalia namba. Kipimo cha Anson cha nguvu ya kimeng'enya, kilichochapishwa mwaka 1938, hutumia himoglobini, proteini ya damu. Wengine hupima kwa kaseini, proteini kuu ya maziwa, kwa pH nyingine na joto jingine. Mkibadilisha mtengenezaji, fanyeni upya majaribio madogo ya lita moja moja kabla ya kupanda tankini.

Mwenye maabara ndogo anaweza kujipimia mwenyewe. Myeyusho wa kaseini wa asilimia 0.65 unawekwa nyuzi 37, unatiwa kimeng'enya kilichozimuliwa, na baada ya dakika 10 mmenyuko unasimamishwa kwa asidi ya trikloroasetiki. Sampuli inachujwa, inatiwa kitendanishi cha Folin, na rangi inasomwa kwenye nanomita 660 ikilinganishwa na tirosini. Asiyetaka namba kamili alinganishe tu somo la mwezi huu na la siku dumu lilipofunguliwa. Likishuka kwa moja ya kumi, aongeze dozi kwa hesabu, asikisie.

Vimeng'enya vya maji vihifadhiwe kati ya nyuzi 0 na 10. Vya unga vikae pakavu, mfuko ukiwa umefungwa barabara. Maji ya kuzimulia yasiwe na klorini, kwa kuwa klorini hushambulia kimeng'enya chenyewe, na kimeng'enya kilichozimuliwa kitumike papo hapo. Mabaki ya dawa ya kuoshea mabomba huleta hasara ileile, na ni vigumu kuyagundua kwa sababu dumu linapimwa na kuonekana zima.

Mvunjiko unapimwa wakati kazi inaendelea

Kiwango cha mvunjiko ni asilimia ya viunganishi vya peptidi (vifungo vinavyoshikanisha asidi amino kuwa proteini) vilivyokatwa. Kila kiunganishi kikikatwa hutumia molekuli moja ya maji na kuacha ncha mbili, ya kaboksili na ya amino. Kwenye pH ya kiasi cha 7 na kuendelea, ncha hizo huachia protoni, na pH ya rojo huanza kushuka. Alkali unayoongeza ili pH ibaki palepale ndiyo inayokuhesabia viunganishi vilivyokatwa. Jens Adler-Nissen wa Denmark ndiye aliyeifanya njia hii iwe ya kutegemewa kwa proteini za chakula, na kwa maoni yangu hakuna kipimo cha bei nafuu kinachoishinda pale kiwandani.

Hesabu yake si ngumu. Kilo moja ya proteini ya soya ina moli 7.8 hivi (moli ni kipimo cha idadi ya molekuli) za viunganishi; kaseini ina 8.2, na proteini ya maji ya jibini 8.8. Kilo zetu 80 za soya basi zina moli 624. Tukitaka mvunjiko wa asilimia 10, viunganishi vya kukatwa ni moli 62.4. Kwa pH 8 na nyuzi 50, si kila ncha ya amino inaachia protoni. Ni takriban 0.88 ya zote. Alkali inayohitajika ni moli 55 hivi, sawa na lita 13.7 za kostiki soda yenye moli 4 kwa lita. Pampu ya alkali ikifika hapo, mvunjiko umefika, hata kama saa ya ukutani inasema vingine.

Makosa yanayoharibu hesabu hii yanajulikana. Rojo lenyewe hunywa alkali kabla ya kimeng'enya kuingia, kwa hiyo rekebisha pH, subiri dakika 10, rekebisha tena, ndipo uanze kuhesabu. Kipima pH hufunikwa na utando wa proteini na kuanza kujibu kwa uvivu. Pampu inaendelea kumimina wakati pH imeshafika. Kioshwe kwa myeyusho wa pepsini na asidi kila baada ya bechi, na kirekebishwe kwa bafa, yaani miyeyusho ya pH inayojulikana, zilizo kwenye joto la kazi. Kosa baya kuliko yote ni kumwaga alkali kali juu ya rojo lisilozunguka vizuri. Pale inapoangukia pH hupanda hadi 12, kimeng'enya kinakufa, sisteini inaharibika na lisini inaingia kwenye lisinoalanini ambayo mwili hauwezi kuitumia. Alkali iingie taratibu, karibu na panga la kichanganyio, na wenye matanki makubwa watumie ya moli 2 badala ya 4.

Wanaofanya kazi chini ya pH 6 hawawezi kutumia njia ya alkali. Hao wana njia ya OPA (kemikali inayoshika ncha za amino) inayosomwa kwenye nanomita 340, au titresheni ya formalini aliyoianzisha Søren Sørensen mwaka 1907 katika maabara ya Carlsberg, Copenhagen. Huyo ndiye aliyetupatia kipimo cha pH mwaka 1909, na alikitafuta kwa sababu kazi yake ya vimeng'enya ilimlazimisha. Aliyemtangulia kuongoza idara ya kemia ya maabara hiyo alikuwa Johan Kjeldahl, wa kipimo cha naitrojeni cha mwaka 1883. Kwa hiyo, ndugu zangu, vipimo viwili vikuu vya fani yetu vimetoka kwenye maabara moja.

Kimeng'enya hakiwezi kukata kisichokifikia. Globulini za soya zikiwa katika umbo lake la asili zimejikunja kama fundo. Zipashwe nyuzi 85 hadi 90 kwa dakika chache, zipozwe hadi 50 au 55, ndipo kimeng'enya kiingie. Rojo liwe na proteini asilimia 8 hadi 10. Likizidi hapo, upashaji huo utakupa uji usiopita kwenye pampu. Likipungua sana, utalipa gharama ya kukausha maji. Wanaotumia tripsini, kimeng'enya cha kongosho, wakumbuke pia kwamba soya mbichi ina vizuizi vya tripsini, na ni joto pekee litakaloviondoa.

Ufike asilimia ngapi? Inategemea mteja anataka nini. Proteini ya kutoa povu au kushika mafuta huishia kati ya 3 na 5. Ukipita hapo vipande vinakuwa vifupi mno, povu linapanda kwa haraka na kuanguka kwa haraka. Kinywaji chenye tindikali kinachotakiwa kuwa angavu bila mashapo huhitaji 10 au zaidi. Namba hizi ni za kuanzia; kila malighafi ina tabia yake.

Jambo moja husahaulika hadi mteja apime: chumvi. Moli 55 za kostiki soda zikizimuliwa kwa asidi ya haidrokloriki mwisho wa kazi huacha kilo 3 na ushee za chumvi ya kawaida kwenye kilo 80 za proteini. Anayeuza kwa wenye lishe maalumu atumie kimeng'enya kinachofanya kazi karibu na pH 7 bila kurekebishwa sana, au abadili sehemu ya sodiamu kwa potasiamu, au aweke chujio la utando la kuondoa chumvi. Njia ya kwanza ndiyo nyepesi zaidi.

Kusimamisha, na kuthibitisha kwamba imesimama

Subtilisini, kimeng'enya cha *Bacillus licheniformis* ambacho wengi wenu mnakitumia, hufa kwa nyuzi 85 ndani ya dakika 10 hadi 15. Kinaweza pia kuuliwa kwa tindikali, pH 4 au chini yake kwa nusu saa kwenye nyuzi 50. Papaini, kimeng'enya cha papai, ni sugu kuliko hivyo. Inafanya kazi vizuri hata kwenye nyuzi 65 na 70, na si ajabu ikabaki na uhai baada ya upashaji ambao ungemaliza kimeng'enya kingine. Mwenye kutumia papaini apande nyuzi 90 na zaidi, kisha apime. Asitegemee jedwali.

Kuna mitego mitatu ambayo Kamati ilikutana nayo tena na tena katika maswali.

Wa kwanza ni muda wa kupanda joto. Tanki la lita 1,000 linalopashwa kwa mvuke wa kwenye koti (ukuta wa pili unaolizunguka) linaweza kuchukua zaidi ya nusu saa kutoka nyuzi 50 hadi 85, na katika sehemu kubwa ya safari hiyo kimeng'enya kinaendelea kukata, tena kwa kasi kuliko mwanzo kwa sababu joto linakisaidia kabla ya kukiua. Ukisubiri mvunjiko ufike 10 ndipo ufungue mvuke, utamaliza na 11 au 12. Pima bechi mbili tatu ujue safari yako inaongeza kiasi gani, kisha fungua mvuke mapema kwa kiasi hicho. Mwenye kibadilisha joto cha bamba anapita mtego huu kwa sekunde.

Wa pili ni pembe zisizopata joto. Povu lililo juu ya rojo halifiki nyuzi 85. Kipande cha bomba kati ya sakafu ya tanki na valvu ya kutolea hushika lita kadhaa ambazo hazizunguki kabisa. Unapofungua valvu, hizo ndizo zinazotoka kwanza, zikiwa na kimeng'enya hai, na zinaambukiza bechi nzima. Dawa yake ni kutoa lita hizo katikati ya upashaji na kuzirudisha juu ya tanki, au kufunga valvu iliyo sawa na sakafu. Themomita nayo isome rojo. Inayosoma koti inasoma mvuke.

Wa tatu ni kuamini macho. Rojo lililopashwa na rojo lenye kimeng'enya hai vinafanana kabisa. Tofauti huonekana wiki kadhaa baadaye kwa mteja, jeli yake inapokataa kushika au maziwa yake yanapogeuka machungu. Kipimo cha kukamata hili hakihitaji mashine. Kata vipande vya filamu ya zamani ya eksirei yenye tabaka la jelatini. Dondosha tone la sampuli, pembeni tone la maji, na pembeni tena tone la kimeng'enya kilichozimuliwa mara elfu. Funika, weka nyuzi 37 kwa saa moja, kisha suuza kwa maji. Tone la kimeng'enya litaacha doa jeupe linalopitisha mwanga kwa kuwa jelatini imeliwa, na tone la maji halitaacha kitu. Sampuli ikiacha doa, bechi irudi kwenye moto. Asiye na filamu atumie jelatini ya asilimia 5 iliyoganda kwenye bomba la maabara, aangalie kesho yake kama uso umeyeyuka.

Uchungu

Swali la uchungu liliulizwa kuliko mengine yote, na jibu lake limeshasemwa nusu hapo juu: mara nyingi ni mvunjiko uliopita kiasi au uliosimama mahali pabaya. Ndani ya proteini nzima, asidi amino zinazokwepa maji kama leusini, fenilalanini na prolini zimefichwa katikati. Kimeng'enya cha kukata katikati ya mnyororo kinapozifichua na kuziacha kwenye ncha za peptidi fupi, ulimi unazipata. Kaseini na soya ni wabaya kwa hili, jelatini ina nafuu kubwa.

Dawa nzuri ni kimeng'enya cha pili kinachong'oa asidi amino moja moja kutoka nchani, kama vile vinavyotokana na *Aspergillus oryzae*. Kiingie baada ya cha kwanza kumaliza sehemu kubwa ya kazi, pH ikiwa imeshushwa kufikia 7 hivi, kwa sababu chenyewe hakipendi pH 8 na subtilisini ingekikata. Ladha hugeuka kuelekea ya mchuzi, kwa hiyo usikitumie pale mteja anapotaka unga usio na ladha. Mkaa amilifu nao huondoa uchungu, ila hunasa pia triptofani, tirosini na fenilalanini, na unalipia proteini unayoitupa. Kuweka sukari na manukato juu ya uchungu ni kujidanganya; uchungu hukaa ulimini baada ya utamu kuondoka.

Bechi chungu isichanganywe kidogo kidogo na bechi nzuri kwa matumaini ya kuipoteza. Utaishia na nyingi zisizouzika.

Maziwa na jibini

Hapa nitapita haraka kwa sababu wanachama wa jibini wanaijua kazi yao. Kaimosini, kimeng'enya kikuu cha reneti ya kugandishia maziwa, hukata kaseini ya kapa mahali pamoja, kati ya asidi amino ya 105 na ya 106, na chembe za kaseini zikipoteza nywele zao za nje huanza kushikana. Kukata kunaendelea hata kwenye baridi, lakini kushikana kunahitaji joto; ndiyo maana maziwa ya nyuzi 10 yaliyotiwa reneti hukaa kimya, na yakipashwa kuelekea 30 huganda ghafla.

Maziwa yanayokataa kuganda, au yanayotoa bonge laini linalovunjika kwenye kisu, mara nyingi yalipashwa kupita kiasi. Kwenye joto kali betalaktoglobulini, proteini ya maji ya jibini, hujifunga kwenye kaseini ya kapa na kuiziba. Kloridi ya kalsiamu, gramu 20 kwa lita 100, husaidia maziwa yaliyopasteurishwa kawaida. Haiwezi kuyaokoa yaliyochemshwa. Reneti izimuliwe kwa maji baridi yasiyo na klorini wakati wa kuitumia, ikorogwe dakika mbili au tatu, halafu maziwa yaachwe yatulie kabisa. Kuendelea kukoroga ni kuvunja wavu unaojaribu kujifunga.

Kaimosini inayotengenezwa na vijidudu vilivyopandikizwa jeni iliruhusiwa Marekani mwaka 1990 na imeenea sana. Vigandishi vya ukungu wa *Rhizomucor miehei* ni rahisi zaidi, lakini vinakata ovyo kuliko kaimosini. Kwa jibini laini la kuliwa mapema havina shida. Kwa jibini la kukomaa miezi, uchungu na upungufu wa mavuno vinaweza kula akiba yote mliyoipata kwenye bei.

Vimeng'enya vya kuunganisha

Transglutaminesi hufanya kinyume cha hivyo vingine: inafunga glutamini ya proteini moja kwenye lisini ya nyingine na kutoa amonia kidogo. Inayouzwa hutoka kwa *Streptomyces mobaraensis* na haihitaji kalsiamu kama ile ya wanyama. Inafanya kazi vizuri karibu na nyuzi 50, na hata kwenye friji ya nyuzi 5 inamaliza kazi kwa usiku mmoja. Unga wa dukani una kimeng'enya kidogo sana ndani ya kibebeo, kwa hiyo dozi ya asilimia 1 ya uzito wa nyama ni ya unga wote. Ukikorogwa na maji utumike ndani ya dakika 20 hivi, la sivyo unajifunga wenyewe kwenye ndoo. Mfuko uliofunguliwa hupoteza nguvu kwa hewa kwa sababu kiini cha kimeng'enya ni sisteini. Utolewe hewa, ufungwe, ukae kwenye friza.

Kaseini na jelatini hushikana nayo vizuri mno. Proteini ya maji ya jibini ikiwa bado katika umbo lake haishikiki sana mpaka ipashwe kwanza.

Upande wa usalama, Kamati haina mjadala. Vipande vya nyama vikiunganishwa, uso wa nje wenye bakteria unahamia ndani. Bidhaa hiyo ipikwe hadi katikati kama nyama ya kusaga, na lebo iseme kwamba ni vipande vilivyounganishwa. Mnunuzi anayeidhani ni pande moja ataipika juu juu.

Vumbi

Kimeng'enya cha unga kikivutwa puani ni hatari ya kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wafanyakazi wa viwanda vya sabuni za unga walipata pumu kwa kuvuta vumbi la subtilisini, na hapo ndipo viwanda vilipohamia kwenye chembechembe zilizofunikwa na vimiminika. Kikomo kinachopendekezwa kwa subtilisini hewani ni nanogramu 60 kwa mita moja ya ujazo, wakati wowote. Hicho ni kiasi kisichoonekana kwa jicho. Ukiliona vumbi, umeshakipita kwa mbali.

Aliyekwisha kupata mzio hapoi kwa kupumzika. Akirudi kwenye vumbi, unarudi. Kwa hiyo nunueni cha maji au cha chembechembe kila kinapopatikana. Kilichomwagika kilowanishwe kwa kitambaa, kisifagiliwe wala kupulizwa kwa hewa ya kompresa. Mpira wa maji ya kasi nao haufai, kwa kuwa unarusha ukungu wa matone wenye kimeng'enya kilekile. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu hapa.

Vipimo vya proteini na lebo

Kjeldahl hupima naitrojeni, haipimi proteini. Naitrojeni huzidishwa kwa 6.25 kwa vyakula vingi, 6.38 kwa maziwa na 5.7 kwa ngano. Mnaponunua unga wa proteini, cheti kiseme kimetumia ipi. Tofauti ya 5.7 na 6.25 inaweza kumfanya muuzaji wa gluteni, proteini ya ngano, aonekane na karibu sehemu moja ya kumi zaidi ya alichonacho. Na msisahau maziwa yaliyotiwa melamini nchini China, yaliyogundulika mwaka 2008. Melamini ni theluthi mbili naitrojeni, hivyo gramu moja husomeka kama gramu 4 na zaidi za proteini. Malighafi inayoonekana rahisi kupita kiasi ipimwe naitrojeni isiyo ya proteini.

Proteini iliyovunjwa bado ni mzio. Soya, maziwa na ngano zibaki kwenye lebo hata mvunjiko ukiwa asilimia 20. Hapa kuna mtego wa maabara: kipimo cha kawaida cha ELISA (kinachonasa proteini kwa kingamwili) cha kukamata pande mbili kinahitaji kipande cha proteini chenye sehemu mbili za kushikwa. Peptidi fupi ina moja tu, kwa hiyo jibu linakuja sifuri wakati mzio upo. Kwa bidhaa zilizovunjwa ombeni ELISA ya ushindani, ambayo hutosheka na sehemu moja, na mwandike ombi hilo kwenye fomu ya sampuli.

Wachache bado mnavunja proteini za mimea kwa asidi ya haidrokloriki. Inafanya kazi haraka, lakini inaharibu triptofani na, mafuta yakiwepo, inazalisha 3-MCPD, kichafuzi chenye sumu. Umoja wa Ulaya unaikomea 0.02 mg kwa kilo katika bidhaa hizo na kwenye sosi ya soya. Anayetaka kuuza huko na hawezi kupima hadi kiwango hicho, ahamie kwenye vimeng'enya.

Yanayoletwa mbele ya mkutano

Kamati Tendaji inaleta maazimio mawili. La kwanza, manunuzi ya pamoja ya chama yaandikwe kwa uniti na kwa njia iliyotumika kuzipima, na muuzaji alete cheti cha tarehe isiyozidi miezi mitatu. Bei ilinganishwe kwa uniti 1,000, isilinganishwe kwa kilo.

La pili, kila mwanachama anayeomba msaada wa Kamati ya Ufundi aambatanishe fomu ya bechi yenye mambo saba: uniti zilizopimwa siku ya kazi, kilo za proteini, pH na joto kila baada ya dakika 15, lita za alkali zilizoingia, joto la juu la rojo na muda lililodumu, matokeo ya tone la filamu, na bakteria kabla na baada ya kupasha. Baadhi yenu mmesema fomu ni ndefu. Ni ukurasa mmoja, na nusu yake mwendeshaji makini tayari anaiandika kwenye daftari lake.

Fomu ya mfano iko kwenye ajenda namba 6. Mwenye marekebisho ampe katibu kabla ya kura kupigwa, na wanaotaka vipande vya filamu waandike majina yao kwenye karatasi iliyoko mlangoni.